Sura ya Nne: Baridi Huanzia Shambani

Mazungumzo ya kuuza maparachichi Ulaya au samaki ng'ambo huanzia baharini. Watu huuliza meli inachukua siku ngapi, bandari ina plagi ngapi za makontena ya baridi, nauli imepanda kwa kiasi gani. Ni maswali ya haki, lakini huulizwa baada ya jambo lenyewe kuamuliwa. Shehena inayofunguliwa Rotterdam na kukutwa imelainika, ina weusi ndani ya nyama na ukungu kwenye vikonyo, mara nyingi ilikuwa imekwisha kuharibika kabla kreni haijaigusa pale Kilindini, bandarini Mombasa. Hoja ya sura hii ni kwamba biashara ya chakula baridi kwa njia ya bahari huamuliwa nchi kavu, katika siku ile ya kwanza baada ya tunda kuchumwa, samaki kuvuliwa au mnyama kuchinjwa. Nchi zetu za Afrika Mashariki zikiendelea kuelekeza fedha na fikra zao kwenye gati, huku shamba na mwalo vikibaki bila baridi, zitaendelea kulipa nauli ya kusafirisha hasara.

Tuanze na kontena lenyewe, maana wengi huliona barabarani bila kujua linafanya nini. Kontena la baridi la futi 40 ni sanduku refu lenye kuta zilizojazwa povu la kuzuia joto, na upande wa mbele limebeba mtambo wenye kompresa na feni. Mtambo husukuma hewa baridi chini kabisa, ikapita kwenye mifereji ya sakafu ya alumini, ikapanda katikati ya katoni, kisha ikarudi juu chini ya dari kuelekea kwenye feni. Kwenye ukuta wa ndani kuna mstari mwekundu unaoonyesha mwisho wa kupakia. Mzigo ukivuka mstari huo, njia ya hewa ya kurudi imezibwa. Katoni za matunda zina matundu, na matundu ya katoni ya chini lazima yaelekeane na ya katoni ya juu, la sivyo hewa haipandi. Mpakiaji akiacha sakafu wazi karibu na mlango, hewa hukimbilia hapo penye njia rahisi na kuyaacha matunda ya katikati yakifukuta. Mtambo huo unaweza kushikilia kiwango chochote utakachoupangia: ndizi mbivu za kesho husafiri kwenye nyuzi 13 au 14, parachichi aina ya Hass kwenye nyuzi 5 au 6, kamba na minofu ya samaki iliyogandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Neno la kuzingatia ni kushikilia. Kontena la baridi ni kama chupa ya chai: hutunza moto wa chai iliyochemshwa jikoni, lakini haichemshi maji.

Anayedhani haya ni maneno matupu na apige hesabu. Kontena moja hubeba takriban tani 21 za maparachichi. Tuseme yamechumwa Murang'a mchana wa jua, na kipimajoto kikichomwa kwenye nyama ya tunda kinasoma nyuzi 24. Kuyashusha hadi nyuzi 5 ni kuondoa joto la kiasi cha megajuli 1,400. Mtambo unaoweza kuondoa kilowati 10 za joto ungehitaji saa 40 mfululizo kumaliza kazi hiyo, na hiyo ni hesabu yenye upendeleo mkubwa. Tunda lililochumwa bado linapumua, na kupumua kwake huzalisha joto jipya kila saa. Feni zenyewe huongeza joto, kuta hupitisha kidogo, na sehemu kubwa ya hewa hupita pembeni mwa katoni badala ya kupenya ndani yake. Kwa hiyo saa 40 za kwenye karatasi hugeuka siku kadhaa, na kuna matunda ya katikati ambayo hukaa vuguvugu karibu wiki nzima. Chumba cha kupoza kilichojengwa kwa kazi hiyo, chenye feni kubwa zinazofyonza hewa baridi ipenye katika matundu ya katoni, hufanya kazi ileile kwa saa chache, kwa usiku mmoja ikichelewa.

Na kwa tunda, siku hizo kadhaa ni nyingi mno. Kasi ya kupumua na kuiva huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Siku moja kwenye nyuzi 24 hula maisha ya tunda sawa na siku nne hadi nane kwenye nyuzi 5. Mkulima aliyeacha kreti zake juani kwa siku moja akisubiri lori amekwisha kutumia wiki ya safari ambayo tunda lilikuwa limewekewa akiba, na hakuna nahodha wala fundi wa melini anayeweza kumrudishia. Baridi haina uwezo wa kurudisha kilichopotea. Inachofanya ni kuchelewesha kile kitakachopotea.

Historia ya biashara hii ilifundisha somo hilo mapema. Tarehe 15 Februari 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin iliondoka Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na mizoga karibu 5,000, mingi yake kondoo, ikielekea London. Wanyama walichinjwa katika shamba la Totara, wakapelekwa bandarini kwa treni, na nyama ikagandishwa ndani ya meli yenyewe kwa mashine ya hewa iliyobanwa. Shida ilianza kabla ya kung'oa nanga: mashine ilivunjika wakati wa kupakia, na mizoga mia kadhaa iliyokuwa tayari melini ikabidi ishushwe na kuuzwa hapohapo. Walipofika ukanda wa joto wa tropiki, ilibainika kuwa hewa baridi haizunguki vizuri katika ngama. Nahodha, John Whitson, alitambaa mwenyewe ndani kukata matundu mapya ya hewa, akazidiwa na baridi hadi akavutwa nje kwa kamba iliyofungwa miguuni. Safari ilichukua siku 98, na London mzoga mmoja tu ndio uliokataliwa. Ushindi huo ndio unaosimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni walichofanya wenye nyama baada ya ushindi: hawakuendelea kutegemea kugandisha melini. Walijenga kiwanda cha kugandishia nchi kavu, huko Burnside karibu na mji wa Dunedin, ili meli ipokee nyama iliyokwisha kuganda na kazi yake ibaki ya kutunza. Viwanda vya namna hiyo vilienea New Zealand nzima, na kwa miongo mingi uchumi wa visiwa vile vilivyo mbali na kila soko kubwa ukasimama juu yake.

Ukiutazama mtindo huo, unaona kwa nini umbali si hoja kubwa kama tunavyodhani. Miji ya nchi za Ghuba, kuanzia Dubai hadi Jeddah, hula kuku wa kugandishwa wanaotoka Brazil, waliochinjwa kwa utaratibu wa halali na kupakiwa katika bandari kama Paranaguá na Itajaí, upande wa pili wa Atlantiki. Pwani yetu iko jirani ya Ghuba, majahazi yalikuwa yakienda na pepo za kaskazi na kusi tangu enzi, lakini nyama ya mbuzi na kondoo ya Kenya na Tanzania inayokwenda huko huenda kwa ndege kwa sehemu kubwa, kwa nauli inayomeza faida. Soko la Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, limeona sato waliofugwa China, wakagandishwa huko, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Mombasa na kupanda hadi ziwani, na bado wakauzwa kwa bei iliyowaumiza wavuvi kiasi cha jambo hilo kuwa mjadala wa kitaifa Kenya mwaka 2018. Mama wa Lubumbashi anayenunua sokoni samaki aitwaye Thomson ananunua samaki aliyevuliwa kwenye maji ya Namibia, akagandishwa ndani ya meli ya uvuvi muda mfupi baada ya kutoka majini, kisha akasafiri kwa lori kupitia Zambia. Wapo watakaonipinga hapa kwamba sato wa China ni rahisi kwa sababu chakula chao cha samaki ni rahisi na mabwawa yao ni makubwa, na kuku wa Brazil ni rahisi kwa sababu ya mahindi na soya yao. Ni kweli, na sitaki kuifanya baridi iwe sababu pekee. Lakini bei nafuu ya shambani isingefika Kisumu wala Dubai kama samaki na kuku hao wasingegandishwa sawasawa kiwandani, siku ileile. Urahisi wa chakula cha mifugo ulitengeneza bei. Baridi ya mwanzo ndiyo iliyoivusha bahari.

Ushahidi wa karibu zaidi tunao wenyewe. Kati ya mwaka 1997 na 2000 samaki wa Ziwa Victoria walifungiwa masoko ya Umoja wa Ulaya zaidi ya mara moja, kwa sababu za vimelea, kipindupindu na baadaye matumizi ya sumu katika uvuvi. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, Kisumu na upande wa Uganda viliumia, na ajira zikakatika. Njia ya kutokea haikupatikana bandarini. Ilipatikana kwenye mialo: sakafu za saruji, maji safi, maabara, wakaguzi, na barafu inayopelekwa ziwani ndani ya mitumbwi ya kukusanyia samaki ili sangara apozwe kabla hajafika ufukweni. Leo minofu mibichi hupanda ndege na minofu iliyogandishwa hushuka kwa makontena hadi Mombasa na Dar es Salaam, na safari zote mbili zinategemea kilo zile za barafu zilizowekwa juu ya samaki katikati ya ziwa.

Zao la parachichi limekwisha kutupa mfano wa upande mwingine, ule wa soko kufunguka mbele ya mikono mitupu. Mwaka 2019 Kenya ilikubaliana na China kuuza maparachichi, lakini kwa sharti la kugandishwa: tunda limenywe, litolewe kokwa, ligandishwe kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na lisafirishwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Sherehe zilifanyika, magazeti yakaandika, na wauzaji wengi wakabaki wakitazama kwa sababu hawakuwa na mitambo ya kugandishia. Mlango mpana zaidi ulikuja mwaka 2022, China ilipokubali matunda mabichi kutoka Kenya na shehena za kwanza zikaondoka Agosti mwaka huo. Tanzania nayo ikatia saini makubaliano yake Novemba. Meli zilikuwapo muda wote huo, na bahari ilikuwa ileile. Kilichokosekana kati ya 2019 na 2022 kilikuwa jengo lenye mashine, karibu na shamba.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa watu wanaoijua bandari. Watasema: unaweza kupoza vizuri shambani, kisha lori likakwama, jenereta ya kontena ikazimwa njiani ili kubana dizeli, nyaraka zikachelewa, kontena likakaa bila plagi, na kazi yote ikaharibika. Watataja maparachichi ya Njombe na Rungwe, ambayo kwa miaka mingi yamepandishwa malori kwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mombasa, ilhali Dar es Salaam iko karibu zaidi, kwa sababu huduma za meli za makontena ya baridi zilipatikana Mombasa kwa urahisi zaidi. Na tangu Novemba 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipoanza, meli nyingi ziliacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikiongeza takriban wiki mbili juu ya safari ya Ulaya. Haya yote ni kweli, na bandari zinastahili plagi, umeme wa uhakika na forodha inayofanya kazi usiku. Lakini tafakari ni shehena ipi inayohimili ucheleweshaji. Tunda lililopozwa jioni ya siku ya kuchumwa, likafungiwa katika kontena lenye hewa iliyodhibitiwa, ambalo oksijeni yake imepunguzwa na kabonidayoksaidi ikaongezwa ili tunda lipumue polepole, lina akiba ya kuvumilia wiki mbili za Rasi. Tunda lililopakiwa likiwa vuguvugu halina akiba hata ya foleni ya malori pale Mariakani, kwenye barabara ya kwenda Mombasa. Matatizo ya bahari, kama tulivyoona, hayaongozwi na serikali zetu. Kombora linalorushwa Yemen halisikii waraka wa waziri wa kilimo. Saa za kwanza za tunda, hizo ziko mikononi mwetu. Kadiri njia ya baharini inavyozidi kutotabirika, ndivyo umuhimu wa chumba cha kupoza unavyopanda.

Baridi ya mwanzo pia haifai kitu kama tunda lenyewe halijakomaa. Hass changa likipozwa kwa ustadi wote hufika Ulaya likiwa bichi, likakataa kuiva, likanyauka na kuwa kama mpira. Kila mwaka mamlaka ya mazao ya bustani ya Kenya husimamisha uchumaji wa matunda ya kusafirishwa kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka, na kuufungua tena baada ya kupima ukomavu. Hatua hiyo hulaumiwa na madalali wanaotaka kuuza wakati bei iko juu, na baadhi ya wakulima wenye karo za shule za kulipa huwaunga mkono. Nawaelewa wakulima hao, ila mamlaka iko sahihi. Katoni chache za matunda machanga zinatosha kumfanya mnunuzi ashushe bei ya kontena zima, na sifa ya nchi hulipwa na kila mkulima, akiwemo yule aliyesubiri.

Linabaki swali la mkulima mdogo, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ndiye anayelima sehemu kubwa ya zao hili. Mwenye miti 30 ya parachichi hawezi kununua chumba cha baridi, na anayemwambia anunue hamtakii mema. Kuna mambo asiyohitaji fedha kuyafanya: kuchuma alfajiri, kuacha kikonyo kifupi badala ya kung'oa tunda, kuweka kreti kivulini na kutozirundika. Chumba cha kuta za mkaa uliolowanishwa kwa maji hushusha joto kwa nyuzi kadhaa katika maeneo makavu, ingawa kwenye unyevunyevu wa pwani faida yake hupungua sana. Lakini kivuli si baridi, na tusimdanganye mtu kwamba kinatosha. Kinachotosha ni chumba kinachomilikiwa kwa pamoja, na mfano wake upo barani humu: kampuni ya ColdHubs huko Nigeria huweka vyumba vya baridi vinavyoendeshwa na jua masokoni na mashambani, na mkulima hulipia kreti yake kwa siku bila kumiliki chochote. Wakulima wa kahawa na chai wa nyanda zetu wana viwanda vya pamoja kwa sababu buni na jani havisubiri. Parachichi nalo halisubiri. Mkulima anayelipwa kwa kipimajoto, bei juu kidogo kwa tunda lililofika kituoni mapema na likiwa la baridi, atachuma alfajiri bila kuhimizwa na semina.

Wapo wanaopinga baridi yenyewe kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia, na hoja yao ina uzito. Makontena mengi hutumia gesi ya R134a, ambayo kilo moja yake ikivuja hupasha dunia mara 1,430 zaidi ya kilo moja ya kabonidayoksaidi katika kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Sekta yenyewe inajadili kama chakula kilichogandishwa kweli kinahitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, au nyuzi 15 zingetosha na kuokoa umeme. Hata hivyo tuweke mizani sawa. Kwa kila tani na kila kilomita, ndege huchafua hewa makumi ya mara kuliko meli, kwa hiyo kila kilo inayohama angani kwenda baharini ni faida. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka, pamoja na maji, mbolea na dizeli vilivyotumika kukizalisha. Na ubishi huu una sehemu inayotuunga mkono: mtambo wa kontena unaopokea tunda vuguvugu hufanya kazi kwa nguvu zote kwa siku nyingi, wakati ule unaopokea tunda la baridi hutuama. Kupoza vyema nchi kavu, kwa umeme wa maji au jua, hupunguza mafuta yanayochomwa melini. Kigali hiyohiyo sasa ina kituo cha Afrika cha kufundisha teknolojia ya baridi isiyochafua, kilichoanzishwa na Rwanda, Uingereza na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mafundi wetu wa Njombe, Meru na Kasese wangepaswa kujaa madarasani humo.

Kwa haya yote, mpangilio wa matumizi yetu unahitaji kugeuzwa. Kaunti na halmashauri zinazozalisha parachichi, embe, pweza au sangara zisitangaze soko jipya la nje kabla hazijaonyesha chumba cha kupoza kilichopo umbali wa saa chache kutoka kwa mzalishaji, chenye jenereta ya akiba, fundi anayelipwa mshahara, na daftari la joto ambalo mnunuzi anaweza kulikagua. Benki zinazokopesha wauzaji wa nje ziulize kuhusu chumba hicho kabla ya kuuliza kuhusu mkataba wa meli. Na wewe mkulima au mwanachama wa ushirika unayesoma sura hii, katika mkutano mkuu ujao uliza swali moja na usikubali likwepwe: tunda letu huchukua saa ngapi kutoka mtini hadi kwenye baridi? Jibu likizidi siku moja, hapo ndipo fedha za msimu zinapopotelea, na hapo ndipo pa kujenga.